Nguruwe wa Sita

Bi Thuc haamki na watu. Huchora kuanzia saa nane usiku,
Hanoi ikiwa imefumba jicho moja,
treni ya Hai Phong ikipita nyuma ya ukuta
na vikombe vya rangi vikigongana rafuni
kama wageni walioaga lakini hawaondoki.

Mimi nilikuwa msaga makombe wake.
Miaka minane, kinu na mchi:
makombe ya baharini yakawa unga, unga ukaingia uji wa mchele,
tukaipaka karatasi kwa brashi ya sindano za msonobari
mpaka ikameta kama ubavu wa samaki anapogeuka.
"Taratibu," alinionya. "Hizo zilikuwa nyumba za wenyewe."

Nyekundu yake ni changarawe ya mlimani.
Nyeusi ni majani ya mianzi, yakachomwa, yakalowekwa miezi mitatu,
yananuka kama neno lililokaa kooni.
Manjano ni yale maua makavu
ambayo jirani huyachemsha chai ya kushusha presha.
Nyati humpaka buluu, humfuta kwa kisigino cha kiganja,
humpaka tena, humfuta,
hadi nyati anabaki na macho ya mtu
aliyesikia jina lake likiitwa sokoni, akageuka, asione mtu.

Mama yake alikuwa mchonga vibao ng'ambo ya mto Duong:
kuku na vifaranga, harusi ya panya,
nguruwe jike na wanawe,
picha za kupamba kuta za maskini mwaka mpya ukiingia.
Ikaja njaa. Vibao vikawa kuni.
Kuku akaivisha mihogo.
Panya wote, na bwana harusi wao juu ya farasi,
wakachemsha maji ya mkunga.
Kimoja tu kilisalimika, kibao cha nguruwe,
kwa kuwa kilikuwa kifuniko cha gudulia la achari.

Miaka thelathini chumvi ilikila ukingoni.
Alipokiosha, akakipaka wino, akabandua karatasi,
nguruwe jike alikuwepo, ubavuni duara mbili zimekumbatiana,
na watoto watano.
Walichongwa sita.
Pa yule wa sita palibaki weupe, mdogo, kama kiganja cha mtoto.

Kwao pia walizaliwa sita.
Hilo aliniambia mara moja, akiwa amenipa mgongo, anaosha brashi.
Nghiem aliondoka na miaka kumi na tisa kwenda vitani kusini,
ndala zake za tairi zimefungwa kwa waya.
Hakuna kaburi. Kuna picha moja ya kikosi,
na ndani yake kofia ya mwenzake imemfunika nusu ya uso.
Ubani unafukizwa mbele ya kofia.

Tangu hapo kila mchoro wake una shimo jeupe:
chini ya tumbo la nyati, kati ya vikapu vya muuza tofu,
mara moja katikati ya jua.

Akaja mnunuzi kutoka Saigon, viatu vinang'aa,
akaweka kidole karibu na weupe. "Hapa hujamaliza, mama.
Pajaze, nitaongeza bei."
Nikaacha kusaga.
Bi Thuc akachukua brashi, akaichovya kwenye maji matupu,
akachora: sikio, sikio, pua, mkia uliojikunja.
Karatasi ikavimba kidogo. Nguruwe akasimama pale, mzima, analoa,
na yule bwana akacheka kwa furaha.
Kisha feni ikageuza shingo upande wetu.
Likaenda sikio. Ukaenda mkia.
Pua ilichelewa.

Sikumbuki kama alinunua.
Nilikuwa natazama karatasi.

Bi Thuc alikwisha kunipa kisogo, anamimina yale maji
kwenye chungu cha mlimau wake dirishani,
polepole, bila kumwaga nje hata tone.